Boti Ishirini za Titanic: Hesabu Ilikosewa Wapi?

Kila filamu ya James Cameron ya mwaka 1997 inaporudiwa kwenye televisheni, mabishano huanza upya. Iliwezekanaje meli kubwa kuliko zote za wakati wake kufunga safari Aprili 1912 ikiwa na boti za kuokolea maisha zinazotosha nusu tu ya watu wake? Wapo wanaosema kampuni ya White Star Line ilivunja sheria ili kubana gharama. Wapo wanaosema boti ziliachwa ili abiria wa daraja la kwanza wapate sitaha pana ya kupunga upepo. Siku hizi limeongezeka jibu la tatu, nalo hutolewa kwa kujiamini sana: kwamba boti zaidi zisingemsaidia mtu, kwa kuwa hata hizo chache zilishushwa zikiwa na nafasi tupu.

Jibu la kwanza si kweli. La pili ni nusu ya ukweli. La tatu ndilo lenye uzito, na kwa sababu hiyo ndilo la kuangaliwa kwa makini zaidi, maana anayelimeza zima huishia kuamini kwamba waliotunga kanuni za wakati ule hawakuwa na kosa. Ili kuyapambanua inabidi tuanze na jedwali moja la serikali ya Uingereza.

## Jedwali lililopima tani

Sheria ya Meli za Biashara ya Uingereza ya mwaka 1894 iliipa Bodi ya Biashara, idara ya serikali iliyosimamia usafiri wa majini, mamlaka ya kupanga kila meli ibebe boti ngapi. Bodi ikatumia jedwali ambalo kipimo chake kilikuwa ukubwa wa meli kwa tani, wala si idadi ya watu waliomo. Daraja la juu kabisa lilikuwa la meli za tani 10,000 na zaidi. Hizo zilitakiwa kuwa na boti 16 zinazoning'inia ubavuni tayari kushushwa, zenye ujazo wa jumla usiopungua futi 5,500, pamoja na nyongeza ya robo tatu ya ujazo huo katika boti nyingine au chelezo.

Wakati jedwali linatungwa, kishindo cha bahari ya Atlantiki kilikuwa Campania ya kampuni ya Cunard, meli ya karibu tani 13,000. Miaka kumi na tatu baadaye, mwaka 1907, Lusitania iliingia majini ikiwa na zaidi ya tani 31,000. Titanic ilipimwa tani 46,328. Jedwali halikuguswa. Kwa macho ya sheria, meli ya tani 10,000 na meli iliyoizidi zaidi ya mara nne zilikuwa na wajibu uleule.

Si vigumu kuona jinsi watu wazima wenye ujuzi walivyofika hapo. Boti za enzi hizo zilipangwa mstari mmoja kila upande, kila moja chini ya jozi yake ya mikono ya chuma. Urefu wa meli ndio ulioamua ni boti ngapi zitapata nafasi, na ukubwa kwa tani ulikwenda sambamba na urefu. Kipimo hicho kilikuwa na maana mradi meli zilikua polepole. Meli zilipoanza kuongezwa sitaha juu ya sitaha na vitanda juu ya vitanda, idadi ya watu iliuacha mbali urefu wa ubavu, na jedwali likabaki linapima kitu kisichohusiana tena na hatari yenyewe.

Hata ile namba iliyoandikwa kwenye kila boti haikutokana na watu kukalishwa na kuhesabiwa. Boti ya kawaida ya Titanic ilikuwa ya mbao, urefu futi 30, upana futi 9 na inchi moja, kina futi 4. Ujazo wake ulikuwa futi 655. Kanuni ilitoa futi kumi za ujazo kwa kila mtu. Gawanya, unapata watu 65. Anayejaribu kuwaza watu 65 waliovaa makoti ya baridi na jaketi okozi juu yake, wakining'inia usiku kwenye kamba mbili juu ya maji, ataelewa kwa nini maofisa wengi waliiona namba ile kuwa ya kwenye karatasi.

Titanic ilikuwa na boti 14 za aina hiyo, boti mbili za dharura za watu 40 kila moja, na boti nne za kukunja za aina ya Engelhardt za watu 47 kila moja. Jumla ni nafasi 1,178. Sheria ilidai ujazo wa futi 9,625, yaani nafasi za watu kama 960. Kwa hiyo kampuni haikuvunja sheria, iliipita. Lakini meli hiyohiyo ilikuwa na kibali cha kuchukua watu 3,547. Kama ingejaa, watu wawili katika kila watatu wasingekuwa na pa kukaa, na cheti chake bado kingekuwa halali.

## Hoja za waliolitetea jedwali

Mtetezi mkuu alikuwa Sir Alfred Chalmers, mshauri wa Bodi ya Biashara katika mambo ya ubaharia tangu 1896 hadi 1911. Mbele ya baraza la uchunguzi lililoongozwa na Lord Mersey, alieleza sababu zilizomfanya asilibadili. Safari za Atlantiki zilikuwa na rekodi nzuri ya usalama. Meli mpya zilikuwa na kuta za kuzuia maji zilizozigawa vyumba vyumba. Njia za kwenda na za kurudi zilitenganishwa ili kupunguza migongano. Simu ya upepo ilikuwa imefika. Mabaharia wa sitaha wasingetosha kushusha na kuendesha boti zaidi. Hatimaye akadai kwamba kama boti zingekuwa chache zaidi, watu wangezikimbilia na kuzijaza, na huenda waliookoka wangekuwa wengi zaidi.

Dai hilo la mwisho lilishangaza watu wakati ule na linashangaza hadi leo. Lakini mengine hayakuwa ya kijinga, na nyuma yake kulikuwa na mfano hai. Tarehe 23 Januari 1909, Republic, nayo ya White Star, iligongwa na meli ya Florida katika ukungu karibu na kisiwa cha Nantucket. Mtambo wa simu ya upepo ukaita msaada, meli ya Baltic ikaja, na zaidi ya watu 1,500 wa meli zote mbili wakahamishwa kwa boti zilizokwenda na kurudi. Republic ilielea zaidi ya siku moja kabla ya kuzama, na waliokufa ni wachache sana, wengi wao katika mgongano wenyewe. Hapa boti ilikuwa kivuko. Kama meli kubwa yenyewe inaelea kwa saa nyingi na meli nyingine inakuja, hakuna haja ya kiti kwa kila mtu kwa wakati mmoja.

Kulikuwa na mfano mwingine, mchungu. Januari 1904 stima ya Clallam ilianza kuingiza maji katika mlangobahari wa Juan de Fuca, baina ya Marekani na Kanada. Nahodha aliwatanguliza wanawake na watoto katika boti tatu. Boti zote tatu zilimezwa na mawimbi, na stima ikaendelea kuelea kwa saa nyingi baadaye na wanaume waliobaki. Baharia aliyeijua habari hiyo hakuwa mwoga wala mkatili aliposema kwamba katika bahari chafu, mahali salama zaidi ni ndani ya meli.

Udhaifu wa hoja hizi unaonekana ukiziweka pamoja. Zote zinategemea mambo mawili yatokee kwa pamoja: meli izame polepole, na meli nyingine iwe karibu na iwe inasikiliza. Titanic ilijengwa iweze kuelea hata vyumba vinne vya mbele vikijaa maji. Jabali la barafu lilifungua zaidi ya vinne. Meli ya Californian ilisimama katika barafu si mbali, lakini ilikuwa na fundi mmoja tu wa simu ya upepo, naye alikuwa amezima mtambo na kwenda kulala. Carpathia ya nahodha Arthur Rostron iliitikia wito na kuja kwa kasi yake yote, ikafika karibu saa kumi alfajiri. Titanic ilikuwa imezama tangu saa nane na dakika ishirini. Kivuko kilikosa ng'ambo.

## Kiti kwa kila mtu

Upande wa pili ulikuwa na watu tangu zamani. Mwaka 1854 stima ya Marekani, Arctic, ilizama karibu na Newfoundland ikiwa na boti sita kwa watu kama 400. Mabaharia wengi wakazitwaa, na hakuokoka mwanamke wala mtoto hata mmoja. Tangu hapo wa kuuliza hawakukosekana. Kilichokosekana ni chombo cha kushushia boti nyingi kutoka nafasi moja, na kufikia mwaka 1910 hicho nacho kilikuwapo. Mhandisi Axel Welin alibuni mikono ya chuma inayoweza kushusha boti ya kwanza, ikarudi ndani na kuchukua ya pili. Alexander Carlisle, aliyekuwa msanifu mkuu katika karakana ya Harland and Wolff huko Belfast, aliichagua mikono hiyo kwa ajili ya meli za Olympic na Titanic, na michoro ikatayarishwa ya kubeba boti hadi 64.

Mikono ilifungwa. Boti hazikuongezwa. Carlisle aliliambia baraza kwamba katika vikao na wenye meli, vilivyochukua saa nyingi, suala la boti lilipewa dakika tano au kumi hivi. Mwaka 1911 yeye mwenyewe alitia sahihi pendekezo la kamati ya ushauri ya Bodi lililodai boti pungufu kuliko alizoamini zinahitajika, na akakiri hivyo hadharani. Hapa ndipo ule nusu ukweli wa sitaha ya kupunga upepo unapopata mahali pake. Hakuna aliyesema abiria wafe ili matajiri waone bahari. Boti zilichukua nafasi na zilihitaji matunzo, sheria haikuzidai, wapinzani wa kibiashara hawakuwa nazo. Basi zikapita bila kujadiliwa. Uzembe wa namna hii hauhitaji mtu mwovu, ndiyo maana ni mgumu kuukamata.

Walioelewa upesi ni wachochea makaa. Tarehe 24 Aprili 1912, siku tisa baada ya maafa, karibu mia tatu kati yao waligoma kuondoka na Olympic kutoka Southampton kwa sababu boti za kukunja zilizoongezwa haraka haraka hazikuwa za kutegemewa. Waligoma si kwa kukosa boti, maana idadi sasa ilikuwapo. Walitaka boti inayoelea. Hoja yao inatupeleka kwenye upungufu wa msimamo huu wa pili: anayedai viti tu anaweza kupewa viti.

## Vifo vya sheria na vifo vya usiku ule

Chukua takwimu za ripoti ya Lord Mersey. Walikuwamo watu 2,201. Nafasi za boti ni 1,178. Waliookoka ni 711.

Ukitoa nafasi kwenye idadi ya watu, unabaki na 1,023. Hawa hawakuwa na kiti tangu meli inaondoka Ulaya. Hata kama kila boti ingeshushwa imejaa, bila hofu, bila kuchelewa, idadi hiyo ingebaki sitahani. Kisha ukitoa waliookoka kwenye nafasi zilizokuwapo, unapata 467. Hivi ni viti vilivyokuwapo na havikuokoa mtu. Mabishano mengi huchanganya namba hizi mbili, au hutumia ya pili kuifuta ya kwanza.

Viti 467 vilipoteaje? Meli iligonga saa 5:40 usiku. Amri ya kufunua boti ilitoka baada ya dakika kama 25, na boti ya kwanza, namba 7, ilishuka karibu saa 6:45, ikiwa na watu kama 28. Boti namba 1, ya watu 40, iliondoka na watu 12, saba kati yao wafanyakazi wa meli. Bahari ilikuwa shwari kabisa, taa zote zinawaka, bendi inapiga muziki. Abiria wengi walikataa kuacha sitaha pana iliyotulia ili waingie mashua inayoyumba futi sitini juu ya maji meusi. Upande wa kushoto, ofisa Charles Lightoller alielewa amri ya nahodha Edward Smith kuwa wanawake na watoto tu. Upande wa kulia, ofisa William Murdoch aliruhusu wanaume palipokuwa na nafasi. Meli moja, nahodha mmoja, amri moja, na utekelezaji wa namna mbili.

Kuna jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko yote hayo. Lightoller na wenzake waliogopa kwamba boti ikishushwa imejaa itavunjika katikati. Harland and Wolff walikuwa wameshaipima boti ya Olympic huko Belfast mwaka 1911: waliipakia vyuma vyenye uzito wa watu 65, wakaishusha na kuipandisha mara sita, haikupata hitilafu. Maofisa wa Titanic hawakuambiwa. Jaribio lilifanywa, likafaulu, likabaki kiwandani. Ongeza kwamba hakukuwa na zoezi la boti kwa abiria safarini, na kwamba kati ya wafanyakazi karibu 900 wa meli, idara ya sitaha ilikuwa na watu 66 tu. Kila boti iliyoondoka iliondoka na baadhi yao.

Na viti havikupotea kwa usawa. Daraja la kwanza waliokoka 203 kati ya 325. Daraja la tatu, 178 kati ya 706. Katika watoto 79 wa daraja la tatu, walipona 27. Njia kutoka vyumba vya chini hadi sitaha ya boti ilikuwa ndefu na ya kupotosha, na hakuna aliyekuwa amepanga mapema nani atawaongoza watu wa huko kwenda juu.

## Boti tele, maafa yaleyale

Wanaosema boti zaidi zisingesaidia wana ushahidi wa miaka iliyofuata, na hauwezi kupuuzwa. Mei 29, 1914, Empress of Ireland iligongwa na meli ya makaa ya Storstad katika ukungu wa mto St Lawrence. Ilikuwa na boti za kuwatosha wote. Ilizama kwa dakika 14, ikiwa imelalia ubavu, na boti chache tu zikagusa maji. Walikufa watu 1,012 kati ya 1,477. Mei 7, 1915, Lusitania ilipigwa kombora na nyambizi ya Ujerumani. Ilikuwa na boti 48. Kwa dakika 18 ilizopata, boti sita tu zilifika majini salama: za upande ulioinuka ziliangukia ndani ya sitaha, za upande ulioinama zilining'inia mbali na ubavu, watu wasizifikie. Walikufa karibu 1,200.

Kisha kuna Eastland. Machi 1915 Marekani ilipitisha sheria ya mabaharia iliyotetewa na Seneta Robert La Follette, iliyodai boti zaidi. Eastland, stima ya maziwa yenye historia ya kuyumba, iliongezewa boti na chelezo kwenye sitaha ya juu. Julai 24, 1915, ikiwa bado imefungwa gatini Chicago na zaidi ya watu 2,500 ndani, ilipinduka. Walikufa 844, hatua chache kutoka nchi kavu. Uzito wa vyombo vya uokoaji ulioongezwa juu ulikuwa sehemu ya sababu. Huu ndio mfano unaouma zaidi kwa mtu wa upande wa kiti kwa kila mtu, kwa sababu unaonyesha kwamba boti ina gharama nyingine zaidi ya fedha: ina uzito, na uzito huo unakaa mahali pabaya zaidi pa meli.

Lakini upande wa pili wa mizani kuna Britannic, pacha wa Titanic, iliyobadilishwa baada ya maafa na kufungwa mikono mikubwa ya kushushia boti. Novemba 21, 1916, ikiwa meli ya hospitali, iligonga bomu la majini karibu na kisiwa cha Kea, Ugiriki. Ilizama kwa dakika 55, muda mfupi kuliko nusu ya ule wa Titanic. Kati ya watu zaidi ya 1,000 walikufa 30, wengi wao katika boti mbili zilizoshushwa bila amri na kuvutwa na rafadha. Ilikuwa asubuhi, maji hayakuwa ya barafu, na waliomo wengi walikuwa watu wenye mafunzo. Hata hivyo ni ushahidi kwamba boti nyingi, zikiwa na zana nzuri na watu wanaojua kazi, huokoa hata kwa muda mfupi.

## Kipi kinabaki

Hoja kwamba muda usingetosha kushusha boti zaidi haiwezi kuinusuru Bodi ya Biashara. Ni kweli kwamba boti mbili za mwisho za Titanic, A na B, hazikuwahi kushushwa ipasavyo. Maji yaliwakuta mabaharia wakihangaika nazo. Wengi huishia hapo na kusema: unaona, boti zaidi za nini? Wangeendelea kidogo. B ilielea kichwa chini miguu juu, na juu ya mgongo wake wanaume kama thelathini, Lightoller akiwamo, walisimama hadi alfajiri. A ilijaa maji hadi magotini, ikaokoa zaidi ya kumi. Boti ambayo haikushushwa bado ni kitu kinachoelea katika maji yanayoua kwa dakika chache. Tena saa nzima ilipita kati ya mgongano na boti ya kwanza, na sehemu ya ucheleweshaji huo ilitokana na kutokuwapo kwa mpango, kwa kuwa nahodha mwenye nafasi 1,178 kwa watu 2,201 hawezi kutangaza ukweli bila kuzua ghasia. Upungufu wa boti wenyewe ulichangia boti kuondoka tupu.

Kwa hiyo idadi ndiyo iliyopaswa kurekebishwa kwanza, na ikirekebishwa peke yake ingezaa akina Empress na Eastland. Ripoti ya Mersey ya Julai 1912 ilipendekeza boti zihesabiwe kwa watu, si kwa tani. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliotiwa sahihi London Januari 20, 1914, ulikwenda mbali zaidi: ulidai nafasi kwa kila aliyemo, pamoja na usikilizaji wa simu ya upepo na doria ya barafu. Vita vikauzuia kuanza kutumika, na ulimwengu ukasubiri hadi mkataba wa pili wa 1929.

Unaotumika leo ni wa 1974, nao huzibana meli za abiria za safari za kimataifa, zikiwamo zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam. Bado unahesabu viti kwa kila mtu. Lakini unadai pia vyombo vya uokoaji viweze kushushwa vikiwa na watu wote ndani ya dakika 30 tangu ishara ya kuiacha meli itolewe, watu wakiwa wameshakusanyika na kuvaa jaketi okozi, tena hata meli ikiwa imelala nyuzi 20 upande wowote.